Nusu ya Robo

Kithome ameilaza juu ya benchi kama mgonjwa
aliyebebwa mgongoni: pawa ya zamani, rangi ya chungwa
iliyobabuka mpaka bati, umri wangu au zaidi,
meno ya mnyororo yamepigwa tupa hadi yakawa vijino.
Imetoka Mtwapa, anasema, kwa shemeji yake.
Huko ilikuwa ikiangusha minazi mitatu kabla ya chai.
Hapa Kariobangi inakohoa, inatema moshi,
ukivuta mafuta inazima, kama mtu aliyesahau neno.

Kwanza natoa kichujio cha hewa, nakigonga gotini.
Vumbi la mnazi, jeupe, jepesi,
linaangukia vumbi letu jeusi la vyuma.
Nafungua plagi. Imelowa.
Plagi nzuri ina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani.
Hii ni kahawa.

Haina ugonjwa, namwambia. Ina ugeni.
Kule chini hewa ni nzito, ni uji wa arusi.
Huku juu ni uji wa kupimiwa,
maji mengi, unga wa kuhesabu,
na kabureta yako bado inapika kwa kipimo cha Mtwapa.

Skrubu ni tatu: ya chini, ya juu, na ya kutuliza.
Nafunga zile mbili polepole mpaka ziguse,
kugusa tu, kwa vidole viwili,
maana sindano ikikazwa kwa hasira haisamehe.
Narudisha mzunguko mmoja mmoja.
Vuta. Vuta. Mara ya tano inashika.

Naiacha ipate joto. Jirani anagonga sufuria,
mwingine anachomelea geti la mtu wa Ruai.
Nainamisha sikio la kushoto. La kulia
lilibaki kwenye karakana ya Ruhiu, sikulidai.

Ya chini: kulia kidogo, mlio unapanda,
ukianza kuyumba narudi nyuma.
Ya kutuliza: mpaka mnyororo usimame. Kabisa.
Mnyororo unaotembea bila kuitwa
siku moja utatembea juu ya paja.

Sasa ya juu. Navuta mafuta yote.
Inabwabwaja, kama mtu anayesukutua.
Kulia. Kulia tena, unywele.
Ghafla inaimba: sauti moja, nyembamba, safi,
hata mgonga sufuria anageuka.
"Hapo hapo!" Kithome anapiga makofi. "Usiiguse tena!"

Hapo ndipo nilipoiachia ya Shikanga.
Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikitaka sifa.
Iliimba hivyo siku mbili, Ngong Road,
kwenye mikaratusi iliyoangushwa na mvua.
Ya tatu pistoni ikashikana na silinda
kama ugali uliosahauliwa motoni.
Petroli ndiyo inayobeba oili. Ukiinyima moja
umeinyima yote mawili, nayo itakushukuru
kwa sauti tamu mpaka dakika ya mwisho.
Nilimlipa Shikanga miezi saba.
Hakunikemea hata siku moja. Afadhali angenikemea.

Kwa hiyo narudisha: kushoto, nusu ya robo.
Kubwabwaja kunarudi, kwa mbali.
Nagusisha upanga kwenye gogo la mgrivea,
kunayeyuka ndani ya mti.
Natoa, kunarudi.
"Umeiharibu sauti," anasema.
Nimeiachia mate mdomoni.

Analipa mia nne. Tulipatana mia tano.
Kabla hajaibeba nachovya njiti kwenye rangi ya kucha,
nyekundu, ya kuazima kwa Akeyo wa saluni,
natia tone juu ya skrubu ya juu.
"Hayo ni mapambo?"
Ni mapambo, namwambia.

Jumanne amerudi. Hajasema kitu, sijauliza.
Naifuta kwa kitambaa, nasogeza taa.
Tone limepasuka, nusu yake imekwenda kulia.
Plagi nyeupe kama mfupa. Pistoni bado inateleza,
bado.
Nachukua bisibisi.
Kithome anatazama viatu vyake.